Paki Kushoto

Nakuru,
12 Juni 1995

Kwa Shangazi Chepkurui,

Chamgei, Shangazi. Natumai goti lako la kushoto limeacha kutabiri mvua, au kama bado linatabiri, basi linapata mara nyingi kuliko redio. Mimi ni mzima. Chumba changu bado kinavuja upande mmoja, kwa hiyo nalala upande wa pili. Kazi ya gereji inaendelea. Bwana Bosire anatamka barua, mimi napiga taipu, yeye anasema siyo hivyo alivyosema, napiga upya vile vile, anasema sasa ni sawa.

Msalimie Baba. Mwambie sweta ilifika.

Shangazi, nina ombi. Wewe ulikuwa ukikaa kwenye meza ya kontroli pale shuleni Kaplong ukiyaandikia saa magari ya mbio kila yalipopita, hata mimi nikiwa darasa la tatu nakumbuka ulivyomfukuza mzungu mmoja aliyegusa saa yako. Nifundishe mambo ya rally. Sheria zake, na maneno yao, maana hapa gerejini wanaongea kama watu wa kanisa nisilolijua. Ni kwa ajili ya ofisi tu. Tafadhali ujibu haraka, na Baba si lazima ajue kwamba nimeuliza.

Mtoto wako,
Winny


Kaplong,
25 Juni 1995

Mwanangu Winny,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, nikajua posta wamekaribishwa kwanza. Chamgei mising. Goti lipo. Majani ya chai yameota vizuri na bei haijaota hata kidogo. Ng'ombe wa baba yako, yule mwenye pembe moja, amezaa ndama dume, na baba yako amenuna kana kwamba ng'ombe alifanya makusudi.

Sasa, somo. Nilifundisha jiografia miaka mingi, na nimegundua kwamba mtu hukumbuka lile alilochekea.

Mbio za magari zina koo mbili. Kuna zile za duara, ambapo magari huzunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mpaka mmoja atangazwe kuwa amefika, ijapokuwa hakwenda popote. Huko anayepewa nafasi ya kwanza kabla ya kuanza huitwa mwenye "pole". Nilimweleza baba yako jambo hili mwaka juzi tukisikiliza redio. Akafikiri, akaniuliza: "Kama ni pole, mbona ndiye yuko mbele?" Nikamwambia ni neno la Kiingereza, maana yake mti wa kigingi. Akasema Waingereza walipaswa kutuuliza kwanza.

Ukoo wa pili ni rally, ambao ndio wetu. Hapa magari hayaondoki pamoja. Kila moja lina dakika yake ya kuondoka, kama wachumaji wa chai wanaoingia shambani kila mmoja kwa mstari wake. Hushindani na gari lililo mbele yako. Unashindana na saa, na saa haina vumbi wala pancha.

Barabara nazo ni za namna mbili. Kuna ya mashindano, iliyofungwa, ambapo dereva anakwenda kadiri ya wazimu wake. Na kuna ya kuunganisha, ambapo anafuata sheria za serikali, na anasimama ng'ombe na bibi wakivuka. Madereva wengi huanguka kwa kusahau wako kwenye ipi.

Gari likiharibika kabisa wanasema limestaafu. Mimi nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba tatu. Gari likistaafu huachwa mtaroni na watoto hukaa ndani yake wakipiga honi.

Pale mafundi wanapolingojea gari na spana na chapati, panaitwa sevisi. Na yule anayekaa kando ya dereva, akimsomea njia kutoka kwenye karatasi, ndiye navigeta. Navigeta ni mke wa gari: ndiye anayejua njia, hasikilizwi, na wakiingia mtaroni kosa ni lake.

Yanatosha kwa leo. Na sasa swali langu. Anaitwa nani? Msichana haulizi maana ya sevisi kwa ajili ya ofisi. Kama ni dereva, ujue kwamba wale hurudi nyumbani vipande vipande.

Shangazi yako,
Chepkurui


Nakuru,
20 Julai 1995

Kwa Shangazi Chepkurui,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Pole kwa habari za ndama. Mwambie Baba kuwa huku mjini dume lina bei nzuri kuliko jike, si kweli lakini atalala vizuri.

Shangazi, hakuna anayeitwa nani. Simpendi mtu yeyote mwenye helmeti. Hawa watu wakivua zile helmeti nywele zao hukaa kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.

Ila kuna rafiki yangu mmoja ana maswali. Kwanza: ile kadi ya muda inayopelekwa kwa karani kwenye kontroli, ni lazima navigeta mwenyewe ashuke nayo? Dereva hawezi? Pili: akishuka, ni lazima avue helmeti? Tatu: pale Kaplong, watu huwa ni wengi? Wa nyumbani, yaani, watu wanaojuana.

Hana haraka, lakini angependa majibu kabla ya mwezi wa tisa.

Winny


Kaplong,
2 Agosti 1995

Mwanangu Winny,

Mvua imepiga siku nne mfululizo na lori la majani limekwama pale mteremkoni, kwa hiyo chai yetu imelala kituoni ikinyauka bila malipo. Baba yako amekwenda kulisukuma pamoja na wanaume wengine. Walilisukuma vizuri sana, likaingia mtaro wa upande wa pili.

Namjibu rafiki yako.

Kadi hushikwa na navigeta. Dereva hukaa kwenye usukani. Navigeta ndiye anayeshuka, anakimbia mpaka mezani, anamkabidhi karani kadi mkononi, na dakika inayoandikwa ni ile ambayo kadi inaguswa na karani, siyo ile ambayo gari limefika. Helmeti si lazima kuivua. Ila karani wa Kaplong amelelewa na watu, na haongei na chungu.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wote hulikosea, kwa hiyo rafiki yako alishike kama amri. Kabla ya meza kuna kibao cha manjano. Ukikipita, umeingia kontroli, na huruhusiwi kusimama kusubiri, unaleta kadi. Basi kama umefika kabla ya dakika yako, unapaki kabla ya kibao, unakunja mikono, unangoja. Kuchelewa dakika kuna adhabu ya sekunde kumi, lakini kuwahi dakika kuna adhabu ya dakika nzima, mara sita yake. Wengi hushangaa. Mbio gani hizi ambazo anayewahi anapigwa kuliko anayechelewa? Sababu ni bibi yule anayevuka na ng'ombe wake. Aliyewahi kwenye barabara ya kuunganisha amekimbia mahali ambapo bibi ana haki.

Watu Kaplong ni wengi. Siku ya magari hata wagonjwa wa hospitali ya misheni husogea kwenye ua. Baba yako hupeleka maziwa, halafu husimama na mkebe mtupu mpaka gari la mwisho lipite, akisema kwamba ni upuuzi.

Sasa tuache huyo rafiki. Rafiki gani anayeogopa kuonekana Kaplong na watu wanaojuana? Sikuulizi. Ninakueleza tu hali ilivyo, kama ramani. Tarehe tisa mwezi wa tisa mbio za klabu zitatoka Nakuru, zizunguke Narok, Mulot, Bomet, zipite hapa, zirudi kwenu kwa njia ya Kericho na Londiani. Karani wa kontroli ya Kaplong atakuwa mimi, nimeshaombwa. Na baba yako amesema tena juzi kwamba kazi ya kupiga taipu haijawahi kumjengea mtu nyumba, na Disemba ikifika "apaki nyumbani." Unamjua baba yako. Sisi Wakipsigis tuligawiwa herufi chache, b na p tunazitumia kwa zamu. Alikusudia ubaki.

Sitamwambia kitu. Lakini akiniuliza nitamjibu. Na nikiwa mezani, sina mtoto wa ndugu.

Chepkurui


Nakuru,
17 Agosti 1995

Shangazi,

Basi. Rafiki ni mimi.

Habari za huku ni njema, goti lako naliheshimu, hayo tumeyamaliza. Sikiliza.

Bwana Bosire ana magari mawili ya mbio. Lile zuri linaendeshwa na Kebaso, mtoto wa kaka yake, ambaye hata akienda dukani huvaa glavu. Lile kuukuu linaendeshwa na Kepher. Huyu Kepher ni fundi wetu, alizaliwa hapo Kericho kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba yake alitoka ziwani kuja kufanya kazi kiwandani. Navigeta wake alivunjika mkono, si kwenye gari, alianguka harusini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia taipu zile noti za njia, nazijua kwa moyo. Siku ya mazoezi nikaingia garini nimsomee tu mpaka wapate mtu. Shangazi, sikutapika. Kepher akamwambia Bosire, "Huyu hatapiki." Bosire akaniangalia kama mtu aliyekuta ng'ombe wake anaweza kuimba.

Ameniambia hivi: tukimaliza mbele ya Kebaso, kiti cha navigeta ni changu, na mwakani nitakaa humo kwenye rally kubwa yenyewe, kwa mshahara. Tusipomaliza mbele yake, nirudi kwenye taipu na nisimsumbue tena. Na taipu, kama ulivyosema mwenyewe, mwisho wake ni Disemba na lango la Baba.

Noti nimezigeuza kuwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza humfikia Kepher baada ya kona. Kona tunaziita kwa namba: moja ni ile ya kuvunja shingo, sita ni nyepesi, ya kuaga tu ukipita. Njia ikigawanyika nasema "baki kushoto" au "baki kulia." Rahisi.

Usiniandikie kunikataza.

Winny


Nakuru,
14 Septemba 1995

Kwa Karani wa Kontroli, Kaplong,

Natumai saa yako ni nzima.

Nakuandikia ili ujue ulichofanya, na ili nawe ujue jinsi tulivyofika kwako, maana kadi haisemi.

Tulianza vizuri. Baada ya Mulot njia inagawanyika, kulia inateremka mtoni, kushoto inapanda. Kebaso alikuwa nyuma yetu. Nikasoma kwa sauti, "Nne kulia, mita mia moja, baki kushoto!" Kepher akapunguza mwendo. Akawasha taa ya kugeuka. Akasogea pembeni taratibu, nyuma ya lori la ngano, akasimama, akavuta breki ya mkono.

"Umesimama kwa nini?"

"Si umesema nipaki."

"Nimesema paki kushoto!"

"Na hapa ni wapi? Hii si kushoto?"

"Siyo paki ya kupaki! Paki ya kupaki!"

Shangazi, naapa kichwani nilikuwa nasema kwa b. Ilikuwa inatoka kichwani ikiwa b na kufika mdomoni ikiwa imebadilisha nguo. Kebaso akatupita, akatupungia ile glavu. Mwenye lori la ngano akashuka akauliza kama tunahitaji jeki.

"Winny," Kepher akasema, "nyinyi watu b mliiweka wapi?"

"Palepale nyinyi watu wa ziwani mlipoiweka sh. Wewe si ndiye unayesema 'kusoto'?"

"Lakini nikisema kusoto, watu wanaenda kusoto!"

Tukafika Bomet tumechelewa kidogo, adhabu ndogo, ilikuwa bado tunamuweza Kebaso. Tukaelewana kwamba kuanzia hapo, nikisema "paki", yeye anajua ni kubaki, aendelee tu. Tukashikana mikono.

Kutoka Bomet Kepher aliendesha kwa hasira. Kwa hiyo tukaja Kaplong mapema. Nikaangalia saa, nikakiona kibao cha manjano, nikaikumbuka barua yako neno kwa neno. Tuna dakika tatu mkononi. Tunasimama hapa, tunakunja mikono. Nikapaza sauti, "Paki! Paki kushoto!"

Na Kepher, mtiifu kama mwanakondoo, akaendelea kushoto.

Yaliyobaki uliyaona. Kibao tukakipita. Nikaleta kadi. Nikakutazama. Wewe hukunitazama hata kidogo, ukaandika kama unayeandika hesabu ya mayai. Umewahi kwa dakika mbili. Sahihi. Kadi inayofuata.

Kebaso ametushinda jumla kwa muda ambao ni pungufu ya hizo dakika mbili. Kalamu yako tu, Shangazi. Hakuna aliyekuwa akiitazama saa yako ila wewe.

Leo nimepiga taipu barua kumi na moja.

Winny


Kaplong,
30 Septemba 1995

Mwanangu Winny,

Hujasalimia, kwa hiyo nasalimia mimi kwa niaba yetu sote wawili. Hatujambo. Ndama dume ameuzwa, na baba yako ameanza kumsifu.

Unasema kadi haisemi. Ni kweli, na karani naye hasemi, ndiyo maana wanachagua wazee. Lakini sasa siko mezani, kwa hiyo nitakueleza ulichokuwa huoni, kwa sababu ulikuwa umevaa kile chungu.

Tulikuwa tumekaa vizuri. Wazee sita kwenye benchi ya shule, Syprose wa mandazi kwenye kona yake, baba yako kushoto mwa barabara na mkebe, ambao siku hiyo kwa bahati mbaya haukuwa mtupu, maana alikuwa amechelewa ili asikose magari, yule asiyeyapenda. Likaja gari lenu. Kutoka ndani nikasikia sauti ikisema "Paki! Paki!", na sauti hiyo naijua tangu ikililia uji. Kila mtu pale alielewa kwamba gari linaambiwa lisimame. Sisi sote ni Wakipsigis, tunajua p ya kweli tukiisikia. Gari likaja moja kwa moja, likapita kibao, likabaki kushoto, likaupiga mkebe. Maziwa ya asubuhi nzima yakamwagika barabarani, na mbwa wa Kaplong wote wakajua kwamba Mungu yupo.

Baba yako akanyanyua fimbo. Mlango ukafunguka, akashuka mtu na kadi mkononi, anakimbia. Kisha yule mtu akasimama katikati ya mwendo. Akavua helmeti. Nywele, kama ulivyosema, nyasi za ng'ombe. Akamwamkia baba yake kwa mkono. Akaja kwenye benchi akawaamkia wazee, mmoja mmoja, mpaka wa sita. Ndipo akaniamkia mimi, na ndipo akanipa kadi.

Winny, ulifika na dakika tatu za kuwahi. Ulizileta mezani zikiwa mbili. Ile moja waliila wazee. Nilikuwa nimekaa pale nimeishika kalamu, nakuombea moyoni: muulize mzee wa tatu habari za macho yake! Muulize wa tano kama mke wake ametoka hospitali! Ungewaamkia wazee kama mama yako alivyokuwa akiwaamkia, na habari za ng'ombe, na za majani, na za mvua, ungefika kwenye dakika yako kamili na nisingeandika chochote. Sheria inakataza kusimama kusubiri. Haisemi lolote juu ya adabu. Lakini karani hawezi kusema, "Salimia zaidi." Kwa hiyo nikainamisha macho. Ulidhani ni ukali. Nilikuwa nachelea kwamba ukiniangalia, uso wangu utakutajia.

Nikaandika mbili, kwa sababu zilikuwa mbili. Ningeandika sifuri, ungekaa kwenye kile kiti ukijua ni cha shangazi yako.

Baba yako? Aliishusha fimbo. Tangu siku hiyo hajanena lolote juu yako.

Chepkurui


Kaplong,
4 Novemba 1995

Mwanangu Winny,

Sijapata barua. Labda posta bado wanakunywa chai juu yake. Goti linauma, na haitakuwa mvua.

Nimeliwaza lile neno. Tumieni "shika kushoto". Utasema "sika", na Kepher naye atasema "sika", na hakuna kitu kingine duniani kinachoitwa hivyo. Kwa kusimama semeni "simama". Hilo hata baba yako analiweza.

Chepkurui


Nakuru,
25 Novemba 1995

Kwa Shangazi Chepkurui,

Chamgei, Shangazi. Goti? Na Baba? Na mzee wa tatu, macho yake? Na mke wa yule wa tano? Unaona, nimejifunza kuchelewa.

Nisamehe kwa kimya. Barua yako ya Septemba niliisoma nikaitupa uvunguni. Wiki iliyofuata nikaitafuta, nikaisoma tena, nikaanza kucheka pale kwenye mbwa. Sikujua niandike nini baada ya kucheka.

Sasa habari. Yule navigeta wa Kebaso, unakumbuka walimaliza mbele yetu? Alitapika kutoka Londiani mpaka Nakuru, kwenye ramani, kwenye noti, na kwenye glavu. Amemwambia Bosire kuwa ameitwa kuhubiri. Bosire akamjibu kwamba kwa jinsi alivyomsikia akitapika, alikuwa anaitwa kweli.

Kwa hiyo Jumatatu Bosire, aliyebaki bila navigeta asiyetapika, akaniita. Mezani ana kadi yetu ya Kaplong.

"Huyu karani ni nani wako?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi wa kweli, au shangazi wa mjini?"

"Dada ya Baba. Tumbo moja."

Akaicheka ile kadi muda mrefu. Akasema amekuwa kwenye mbio miaka mingi na hajawahi kuona navigeta aliyepigwa dakika mbili na shangazi yake. Halafu akauliza kwa nini tuliwahi, nikamweleza habari ya paki na paki. Akamwita Kepher aje aeleze upande wake, na mafundi wote wakaacha kazi. Mwishowe akafuta macho, akasema, "Kumbe ulijua kwamba kuwahi ni kosa. Kebaso hajui mpaka leo. Nitakujaribu mara moja tena."

Jaribio ndilo hili. Anataka tufanye mazoezi ya matope, mimi na Kepher, wiki mbili za mwisho za Disemba, kwenye njia za malori ya chai, Kaplong mpaka Ndanai. Tukirudi na gari zima na noti zinazoeleweka, kiti ni changu. Noti nimeziandika upya. Sika.

Lakini Bosire hatupi pesa za hoteli wala mlinzi, na gari la mbio haliachwi kando ya barabara, litaamka bila magurudumu. Kepher atalala kwa binamu yake hapo karibu na kiwanda cha chai. Mimi na gari tunahitaji ua wenye lango.

Mimi siwezi kumwandikia Baba. Nimeanza mara tatu. Kila mara nikifika kwenye maziwa naacha. Muulize wewe, Shangazi. Akikataa nitaelewa, na nitarudi Disemba kama alivyosema, kwa basi, na taipu nitaiacha hapa.

Winny


Kaplong,
9 Disemba 1995

Mwanangu Winny,

Chamgei mising. Mzee wa tatu ametibiwa macho pale misheni, na sasa anagundua kwamba watoto wake hawafanani naye. Mke wa mzee wa tano ametoka hospitali. Goti langu limenyamaza, linaogopa kukosa.

Nilikwenda kwa baba yako jioni ya Jumapili, baada ya kanisa, wakati ambapo moyo wake huwa umeoshwa ingawa haujakauka. Nikamsomea barua yako yote, hata mahali pa glavu. Hakucheka. Akaniuliza huyo Kepher ni wa nyumba gani. Nikamwambia. Akasema, baba yake Kepher anamjua, waliwahi kusukuma lori la majani pamoja miaka ya nyuma, na ni mtu anayesukuma kweli, si wa kuegemea.

Kisha akanywa kikombe kizima cha chai. Akasema, "Aliumwaga mkebe wangu."

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa na haraka ya mbio."

Nikasema ndiyo.

"Na hakunipita bila kunisalimia."

Nikainamisha macho kama karani.

Akasimama, akavaa gambuti, akaenda kufungia ng'ombe. Akiwa mlangoni, akanipa mgongo, akasema, "Mwambie apaki nyumbani."

Winny, mimi nimefundisha maisha yangu yote, na sikujua nilichosikia. Nikamfuata mpaka kwenye zizi. Nikamwuliza, "Kiptum, nimwandikie kwa b au kwa p?"

Akanijibu, "Wewe ndiye mwalimu. Andika."

Nililala na neno hilo. Ubaki, basi, uache kila kitu na urudi? Au upaki? Nilianza barua hii mara mbili, moja kwa kila herufi, nikazichana zote mbili.

Leo asubuhi nimepita kwake kuomba mbolea. Nimemkuta langoni na jembe. Ule mhimili wa kushoto, uliosimama pale tangu baba yetu, ameung'oa. Alikuwa anachimba shimo jipya, hatua mbili zaidi upande wa majani ya chai, na michai minne imelala chini, ameikata kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye humfukuza kuku akikaa juu ya mchai. Nikasimama nikamtazama.

Nikamwuliza ni ng'ombe gani mnene namna hiyo anayemngojea.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Sogea. Umesimama mahali gari litapita."

Kwa hiyo naandika kwa p.

Njooni. Na mje mapema, hata kabla ya dakika yenu. Kwa lango hili hakuna kibao.

Shangazi yako,
Chepkurui

Nilisahau: Kepher asije mikono mitupu. Mkebe, wa alumini, wenye kifuniko. Na akifika, mwambie asimame. Kwa s.